Kumwingiza Mwenzi Wako Katika Gofu ya Visahani Bila Kumkera

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye tayari umenaswa. Unaishi Des Moines, Louisville, Tampere au Oslo. Mfanyakazi mwenzako alikualika bustanini, akakupa kisahani ukitupe, na tangu hapo begi la visahani halitoki kwenye buti la gari. Sasa unataka mke wako, au mume wako, aje mcheze pamoja.

Inawezekana, na huhitaji kuwa bingwa wala mwalimu. Wanaoshindwa wengi hushindwa siku ya kwanza, kwa sababu walikwenda kufundisha mchezo wakasahau kumkaribisha mtu. Basi shika kanuni moja; mengine yote humu yanatokana nayo: lengo la siku ya kwanza ni siku ya pili. Mkirudi nyumbani naye akauliza mtakwenda tena lini, umefaulu, hata kama hakuna kisahani kilichogusa kikapu.

## Maelezo ya dakika moja

Akikuuliza huu ni mchezo gani, usimwanzishie mhadhara. Mwambie hivi: unatupa kisahani kutoka sehemu ya kuanzia kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo juu yake. Kinapoangukia ndipo unapotupia tena, mpaka kiingie. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Viwanja huwa na vikapu 9 au 18, vingi viko ndani ya bustani za umma, na aghalabu hakuna kiingilio.

Akitaka historia, mpe kipande kimoja tu. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kiliwekwa Oak Grove Park, California, mwaka 1975, na wachezaji walikuwa wakilenga nguzo. Kikapu cha minyororo kilikuja baadaye, kazi ya Mmarekani Ed Headrick, aliyepewa hataza yake mwaka 1977. Kwa hiyo hata nyie, pasipo kikapu karibu, mti wowote unatosha kwa mazoezi.

## 1. Mwaliko

Kwa nini uanzie hapa. Wewe unauona mchezo kama raha. Yeye huenda anauona kama kitu kinachomchukulia Jumamosi zake, huku nguo zikisubiri kufuliwa na watoto wakiuliza baba au mama yuko wapi. Ukimwalika bila kulitazama hilo, atasikia kwamba sasa unataka na yeye ahamie kwenye ratiba yako.

Hatua:

1. Lipa deni la muda kwanza. Kama wikendi tatu zilizopita zilikuwa zako, hii inayofuata mwachie yeye, halafu ndipo umwalike.
2. Mwalike kwenye jambo analolipenda tayari. Anapenda kutembea? Ni matembezi. Anataka watoto watoke nje? Ni matembezi ya watoto. Visahani viwe nyongeza.
3. Mwache achague siku na saa. Aliyetoka zamu ya usiku hospitalini au ghalani hatafurahia kuamshwa saa mbili asubuhi.
4. Taja mwisho mapema. Mtu hukubali kwa urahisi jambo ambalo anajua litakwisha saa ngapi.
5. Sikiliza hofu yake, uijibu kwa mpango. "Hakuna atakayekucheka" ni maneno tu.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Mama Neema, Jumapili tukatembee kule bustanini ziwani? Nitabeba na visahani. Tukicheza vikapu vitano vinatosha, halafu tunakunywa chai.

— Na watoto?

— Tunakwenda nao. Neema atakuwa mwokota visahani.

— Mimi sitaki kuchekwa na wale wazungu wenye mabegi.

— Wao hujaa mchana. Tukifika saa tatu asubuhi tutawakuta wachache, na wakitokea tunawapisha.

Amepewa mwisho wa safari, watoto wamepata nafasi yao, na hofu imejibiwa kwa saa.

Kama mwalikaji ni wewe mke, zingatia jambo moja la ziada: waume wengi hawapendi kuelekezwa na wake zao mbele za watu. Mtafutie mahali patupu, na mwache ajaribu peke yake kabla hujasema neno.

## 2. Visahani vyake

Kwa nini usimpe vyako. Mtu wa mkono wa kulia akitupa kwa kuvuka kifua, kisahani huzunguka kufuata mwelekeo wa mshale wa saa kikitazamwa kutoka juu. Kasi ikianza kupungua, kinainamia kushoto na kushuka. Karibu visahani vyote vina tabia hiyo. Vinatofautiana katika kuanza mapema au kuchelewa.

Kisahani cha masafa unachokipenda wewe kina ukingo mpana na mkali, na kimeundwa kwa mkono wenye kasi kubwa. Mkono wa mgeni hauna kasi hiyo bado. Akikitupa, kinainama mara tu kinapotoka mkononi na kuishia vichakani upande wa kushoto. Akirudia, matokeo ni yaleyale. Ataamini mkono wake ndio mbovu, kumbe umempa chombo kisichomfaa.

> KISANDUKU: Namba nne juu ya kisahani
>
> Visahani vingi huandikwa namba nne. Mfano, Leopard ya kampuni ya Innova ni 6, 5, -2, 1.
>
> Ya kwanza, kasi (huanzia 1 na kufika 14 hivi): jinsi mkono unavyotakiwa kuwa na nguvu. Mgeni abaki kati ya 2 na 7.
>
> Ya pili, kuelea (1 hadi 7): jinsi kinavyokaa hewani. Mgeni atafute 4 au zaidi kwa visahani vya kati na vya masafa.
>
> Ya tatu, kupinda mwanzoni (+1 hadi -5): namba hasi humaanisha kinaelekea kulia kidogo kabla ya kurudi. Hiyo humsaidia mgeni. Tafuta kati ya 0 na -3.
>
> Ya nne, kuinama mwishoni (0 hadi 5): kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kinavyokatika kushoto. Mgeni atafute 0 au 1.
>
> Maelezo ya kulia na kushoto ni ya mtu wa mkono wa kulia anayetupa kwa kuvuka kifua. Kwa mtu wa shoto, geuza.

Hatua za kununua:

1. Nunua vitatu tu. Kimoja cha kumalizia karibu na kikapu, kimoja cha kati, kimoja cha masafa kilicho chepesi. Kwa kumalizia, Aviar ya Innova au Judge ya Dynamic Discs. Cha kati, Buzzz ya Discraft au Mako3 ya Innova. Cha masafa, Leopard. Diamond ya Latitude 64 ya Uswidi nayo inafaa: kasi yake imeandikwa 8, lakini huuzwa ikiwa nyepesi na namba yake ya tatu ni -3, kwa hiyo inautii mkono wa polepole.
2. Tazama uzito. Umeandikwa kwa gramu, mara nyingi upande wa chini. Mtafutie wa gramu 150 hadi 165. Kisahani chepesi hupaa kwa nguvu kidogo, ingawa upepo hukipeperusha zaidi.
3. Chagua plastiki ya bei nafuu. Marekani, kisahani cha plastiki ya kawaida ni kama dola 10, na cha plastiki ngumu 15 hadi 20. Ile ya bei juu hudumu zaidi. Haimfanyi mgeni atupe mbali zaidi. Seti ya vitatu ya wanaoanza huwa nafuu kuliko kununua kimojakimoja.
4. Rangi achague mwenyewe, ila mshauri akwepe kijani na kahawia. Waridi, rangi ya chungwa iliyokoza na buluu ya kung'aa huonekana kwenye nyasi.
5. Andikeni namba ya simu upande wa chini kwa kalamu isiyofutika. Wachezaji wengi wakiokota kisahani chenye namba humtafuta mwenyewe.

Viwe vyake kweli, visirudi kwenye begi lako. Mtu mwenye kisahani chake ana sababu ya kukikumbuka.

## 3. Kiwanja na siku

Kwa nini kiwanja kina uzito. Mgeni hutupa mita 30 hadi 60. Kikapu kilicho umbali wa mita 120 katikati ya miti kitamla mitupo saba au minane, na kila mmoja utagonga shina. Kikapu cha mita 50 mahali pa wazi anaweza kukimaliza kwa minne.

Programu ya UDisc kwenye simu inaonyesha viwanja vilivyo karibu, urefu wa kila njia (kutoka sehemu ya kuanzia hadi kikapu), picha, na maoni ya waliocheza. Marekani vibao huandika umbali kwa futi. Futi 100 ni kama mita 30.

Orodha ya kukagua kiwanja:

☐ Njia nyingi hazizidi futi 250 (mita 75 hivi)
☐ Nyasi zimekatwa na miti si mingi
☐ Hakuna bwawa wala mto kando ya njia za mwanzo (visahani vingi huzama)
☐ Kuna choo, kivuli na mahali pa kukaa
☐ Kuna kikapu cha mazoezi karibu na maegesho
☐ Hakuna mashindano siku hiyo
☐ Utabiri hauonyeshi upepo mkali

Viwanja vingi vina sehemu mbili au tatu za kuanzia kwa kila kikapu. Tumieni ya karibu kabisa. Ikiwa bado ni mbali, sogeeni mpaka katikati ya njia muanzie hapo, mradi hakuna wanaokuja nyuma yenu.

Onyo: usimpeleke Idlewild ya Kentucky yenye misitu, wala The Beast ya Nokia kule Ufini, kwa sababu wewe unatamani kucheza huko. Hizo ni safari zako.

## 4. Mavazi na mzigo

Viatu vifunike vidole na viwe na nyayo zinazoshika, kwani nyasi za asubuhi zina umande. Hahitaji kununua nguo. Anayevaa dera au buibui atupie huku mikono mipana ya nguo imekunjwa au imebanwa kwa pini, maana kisahani hupita karibu sana na kifua na kitambaa hukikamata. Sketi ya kitenge iliyobana haitamsumbua siku ya kwanza, kwa sababu atatupa akiwa amesimama. Mtandio au hijabu ibanwe vizuri.

> KISANDUKU: Mkoba wa siku ya kwanza
>
> ☐ Maji ya kutosha wote
> ☐ Chupa ya chai na maandazi au karanga
> ☐ Taulo dogo (kisahani chenye maji huteleza)
> ☐ Dawa ya kufukuza wadudu
> ☐ Plasta
> ☐ Kofia
> ☐ Visahani vyake vitatu na kimoja chako. Kimoja tu.

Onyo kuhusu vichaka. Katika misitu ya Minnesota, Uswidi na Ufini kuna kupe wanaoweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Jioni mkague nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na, kwa watoto, nyuma ya masikio. Marekani kuna pia mmea wenye majani matatumatatu kwenye kikonyo kimoja ambao mafuta yake huwasha ngozi kwa siku kadhaa. Kisahani kikiangukia humo, kichomoe kwa fimbo, usiingize mkono mtupu, na ukifute kabla ya kukishika.

## 5. Robo saa ya kwanza: kikapu cha mazoezi

Kwa nini uanzie karibu. Kikapu kina sauti. Minyororo ikilia, mtupaji anajua amefanya jambo, hata kama hajui kanuni moja. Mwache aisikie sauti hiyo mapema.

1. Msimamishe mita 3 kutoka kikapuni na kisahani cha kumalizia. Mwache atupe anavyotaka. Usimwonyeshe bado.
2. Kikiingia mara chache, rudini mpaka mita 5, kisha 7. Hapo simameni.
3. Ndipo umwombe: "Nikuonyeshe namna moja ya kushika?" Akikataa, endeleeni.

Kushika na kutupa (kwa mkono wa kulia):

1. Kidole gumba juu, karibu na ukingo. Vidole vinne chini, vimekunjwa vikigusa ukingo kwa ndani. Kibane kiasi cha kutoponyoka, mkono usikakamae.
2. Simama kiubavu, bega la kulia likielekea kikapu, miguu ikiwa na upana wa mabega.
3. Peleka kisahani nyuma usawa wa kifua, mabega yakigeuka pamoja nacho.
4. Kivute mbele kwenye mstari mnyoofu, karibu na kifua, kama unavyovuta kamba ya kuwashia jenereta: kiwiko kinatangulia, kasi inakuja mwishoni.
5. Kiachie kikiwa bapa, na mkono uendelee kuzunguka baada ya kuachia.

Kukimbia kabla ya kutupa kusubiri. Hatua za miguu huongeza masafa kwa anayejua na huharibu shabaha ya asiyejua.

Kama ukubwani au utotoni alizoea kurusha vijiwe vikarukaruka juu ya maji, mwache ajaribu mtupo wa ubavuni, kiganja kikitazama juu na kifundo cha mkono kikifyatuka. Wapo wanaouweza huo kabla ya ule wa kuvuka kifua. Ajue tu kwamba kwa mkono wa kulia mtupo huo huinamia kulia.

Makosa ya kawaida na neno moja la kusema:

| Unachokiona | Sababu | Sema tu |
|---|---|---|
| Kinapanda juu, kinasimama, kinashuka hapohapo | Ukingo wa mbele umeinuka | "Bapa" |
| Kinayumbayumba hewani | Kimeshikwa kwa ulegevu, hakizunguki | "Bana" |
| Kinatoka moja kwa moja kulia | Ameachia kwa kuchelewa | "Mapema" |
| Kinatoka moja kwa moja kushoto | Ameachia mapema | "Ngoja" |
| Kinaanza vizuri kisha kinakatika kushoto | Kisahani kina kasi kubwa mno kwake | Usiseme. Mpe kingine |

Neno moja kwa wakati mmoja, na ukishalisema, kaa kimya kwa mitupo mitatu. Mtu hawezi kufikiria kidole gumba, kiwiko, bega na mguu kwa pamoja akaweza kutupa.

## 6. Kiwanjani: chezeni mtupo bora

Kwa nini msishindane. Mkihesabu kila mtu peke yake, kwenye kikapu cha tatu utakuwa umemwacha kwa mitupo kumi. Atakuwa anatembea kutoka kichaka hadi kichaka huku wewe ukimsubiri. Mchezo wa timu unaoitwa mtupo bora huondoa yote hayo: kosa lake linafutika, na mtupo wake mmoja mzuri unahesabika.

1. Wote wawili mnatupa kutoka sehemu ya kuanzia.
2. Mnatembea pamoja na kuchagua kisahani kilichoangukia mahali pazuri zaidi. Vikilingana kidogo, chagua chake.
3. Wote mnatupia hapo. Mnarudia hivyo hivyo.
4. Mkifika karibu na kikapu, yeye atangulie. Akikosa, bado wewe upo. Akiingiza, amewamalizia wote wawili.
5. Chezeni vikapu vitano, au tisa akitaka mwenyewe. Simameni akiwa bado ana hamu.

Wewe tumia kisahani kimoja, cha kumalizia, mwanzo hadi mwisho. Hukuja kuvunja rekodi yako.

Kanuni tatu za kumwambia: unatupia pale kilipoangukia, anayekuwa mbali zaidi na kikapu ndiye anayetupa kwanza, umemaliza kisahani kikitulia ndani ya kikapu au kwenye minyororo. Basi. Adhabu ya kutoka nje ya mpaka, sekunde 30 za kujiandaa na sharti la kutulia baada ya kutupa ndani ya mita 10 za kikapu zipo, na atazikuta akizihitaji.

Usalama na adabu, hizi hazina kusubiri:

- Hakuna anayetembea mbele ya anayetupa. Watoto wasimame nyuma, mwokota visahani akiwemo. Ukingo wa kisahani ni mgumu na unaweza kupasua mdomo.
- Njia ikikatizwa na mtembeza mbwa au baiskeli, subirini mpaka apite kabisa.
- Kisahani kikielekea kwa mtu, paza sauti hapohapo. Wachezaji wa Marekani na Ulaya hupiga kelele ya "Fo!", na wenyeji wa kiwanja wataitambua.
- Kundi linalokwenda kasi likiwafikia, jitengeni pembeni na muwape ishara wapite. Baada ya hapo hakuna anayewapumulia mgongoni.
- Kisahani kikipotea, kanuni za PDGA, chama cha kimataifa cha mchezo huu, zinatoa dakika tatu za kukitafuta. Nanyi msizidishe. Kipo kingine begini, na namba ya simu imeandikwa.

## 7. Ulimi wako

> KISANDUKU: Sema, usiseme
>
> Usiseme:
> "Rahisi tu, nitazame mimi."
> "Hapana, si hivyo."
> "Nilikwambia mapema."
> "Hata Neema anaweza."
>
> Sema:
> "Kile kilikwenda bapa."
> "Tunatupia chako."
> "Nikuonyeshe, au nikuache?"
> "Tukae kidogo?"

Usimsifu kwa mtupo ulioingia kichakani. Anajua ulikokwenda, na sifa ya uongo humwambia kwamba unamhurumia. Sifu kitu kimoja cha kweli: alivyoshika, ulivyotoka, au uamuzi wake wa kukwepa mti.

Usimpige video bila kuomba. Na usiwaalike rafiki zako siku hiyo, hata yule mkarimu. Watu watatu wanaojua na mmoja asiyejua ni baraza.

## 8. Siku na wiki zinazofuata

1. Usifanye tathmini ndani ya gari. Zungumzeni mengine. Akianzisha yeye, mfuate.
2. Subiri siku mbili tatu kabla ya kumwalika tena. Kumuuliza papo hapo ni kumdai jibu.
3. Akikubali, mara ya pili achague yeye kiwanja. Mfungulie UDisc, mpe simu.
4. Mazoezi ya nyumbani yawe mafupi. Dakika kumi za kutupa kisahani cha kumalizia kwenye ndoo au mti zinamfaa kuliko saa nzima ya masafa.
5. Mtafutie mwalimu mwingine. Neno lilelile akiambiwa na mtu mwingine analipokea, likitoka kwako linakuwa ugomvi. Kwa wanawake, miji mingi ina makundi yao ya kila wiki, na tangu 2012 PDGA huwa na tukio la wanawake linalochezwa nchi nyingi kwa pamoja. Mpeleke mlangoni, urudi nyumbani ukae na watoto.
6. Jiandae kupitwa. Mkeo si msindikizaji. Nate Doss na Valarie Jenkins, ambao ni mume na mke, wote wawili walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007, Nate kwa wanaume na Valarie kwa wanawake. Na mwanamke huyo alipofika 2016 alikuwa na mataji manne ya dunia, mumewe matatu.

Akisema hapana, tofautisha hapana mbili. "Leo nimechoka" ni ya leo. Ngoja wiki kadhaa. "Mchezo huu sio wangu" ni jibu kamili, na halina haja ya kujadiliwa. Mkaribishe atembee tu nanyi akitaka, au abaki na yake. Kilichobaki ni kupatana ni wikendi ngapi kwa mwezi ni za visahani na ngapi ni zake, na kuyaheshimu mapatano hayo. Mwenzi ambaye Jumamosi yake iko salama hatalichukia begi lako.

## Orodha ya usiku wa kuamkia siku yenyewe

☐ Siku na saa amezichagua yeye
☐ Anajua mtamaliza saa ngapi
☐ Visahani vitatu, vyepesi, kasi si zaidi ya 7 (au Diamond), vina namba ya simu
☐ Kiwanja kifupi, cha wazi, kimekaguliwa kwenye ramani
☐ Upepo na mvua vimeangaliwa
☐ Mkoba umefungwa, chai ina mtu wa kuipika, na mtu huyo ni wewe
☐ Rafiki zako wameambiwa kesho hupatikani
☐ Umejiahidi neno moja kwa mitupo mitatu

Ukikuta kisanduku kimoja hakijajazwa, ahirisha wiki moja. Kiwanja hakihami.